Kwenda Luvungi Kuiamsha Ruta

Niliondoka Uvira kwa sababu ya redio iliyonyamaza, na kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa milimani bila kujua kwamba baba yake amefariki. Mambo hayo mawili niliyapata katika simu moja, asubuhi, nikiwa nyumbani Kilibula na kikombe cha chai mkononi. Aliyepiga ni Papa Janvier, mwangalizi wa mitambo wa redio ndogo ya Luvungi. Kwa kawaida ni mtu wa maneno ya taratibu. Siku hiyo alizungumza kama mtu aliyeitwa kwingine.

"Papa Wilondja, redio iko imekufa. Toka asubuhi hatuko tunatoka hewani. Na tuko na komunike ya kilio, haiwezi kungoja."

"Kilio cha nani?"

"Baba ya Faida. Alikufa jana mangaribi."

Faida ndiye anayesoma matangazo ya jioni, na sauti yake inajulikana bonde zima. Kaka yake mkubwa, Kashindi, analima juu ya Lemera, upande ambao simu haishiki. Katika familia yao udongo wa kwanza hutupwa kaburini na mtoto wa kwanza. Lakini joto la bonde la Ruzizi halina subira, na mazishi yalikuwa yamepangwa kesho yake adhuhuri. Kule milimani watu hufungua redio jioni, saa ya komunike, yaani matangazo ya familia, halafu huizima mapema. Kwa hiyo tangazo lilipaswa kutoka jioni ile ile. Likichelewa, Kashindi angeteremka siku nyingine na kukuta tuta la udongo.

Mimi ni fundi wa mtandao, na nilimwuliza Papa Janvier maswali ninayouliza siku zote, kwa utaratibu ule ule. Taa za ruta zinawaka? Zinawaka. Mtambo wa kilimani una umeme? Unao, una paneli yake. Kuna mtu aliyeizima ruta?

"Hapana. Ile ruta hatujaizima hata siku moja toka iwekwe."

Jibu hilo lilinisumbua njia nzima. Kifaa ambacho taa zake zinawaka, na ambacho hakijazimwa, hakina sababu ya kunyamaza asubuhi moja tu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuigusa, ruta ni kisanduku kinachopitisha mawasiliano kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Kule Luvungi inachukua sauti ya studio na kuipeleka, kwa antena ndogo, hadi kwenye mtambo wa kurushia matangazo ulioko kilimani nyuma ya soko. Huko juu hakuna maikrofoni, kuna sanduku tu linalosubiri sauti kutoka chini. Siku za kawaida fundi huingia ndani ya ruta kwa kupitia mtandao, kama mgeni apitaye mlango wa mbele. Mtandao ukikatika, mlango huo umefungwa, na kinachobaki ni mlango wa uani, yaani tundu moja dogo linaloitwa konsoli. Unachomeka kebo kwenye tundu hilo, upande wa pili kwenye kompyuta, na mnaandikiana ana kwa ana, hata kama ruta haimjui mtu mwingine yeyote. Kazi hiyo haifanyiki kwa simu. Lazima mtu aende.

Kasenga, bado ndani ya Uvira, tulifika mapema kwa pikipiki, lakini hatukupita. Kebo yangu ya konsoli, ile bapa ya rangi ya buluu, ilikuwa mfukoni. Kichwa chake ni cha zamani, na kompyuta za siku hizi hazina tundu lake. Ili vishikane panahitajika kigeuzi, na kigeuzi changu nilikuwa nimemwazima Mama Odette, anayetengeneza kompyuta karibu na kanisa. Duka lilikuwa limefungwa. Nilisimama mbele ya kufuli nikiangalia wanafunzi wakipita, huku Dieumerci, mwendesha pikipiki wangu, akifuta vumbi ambalo halikuwapo. Dieumerci ni mtu wa makamo kama mimi na ameniendesha safari nyingi. Anajua nikianza kupekuapekua mifuko ni kwamba nimekosa utulivu.

"Papa, hata ukiipapasa mara kumi, kebo haizai," aliniambia.

Mama Odette alikuja na funguo mdomoni na mtoto mgongoni. Hakuuliza ninataka nini.

"Weye kila kitu chako kinajua njia ya kwangu," alisema akifungua. "Ungeniambia jana ningelala nacho chini ya muto."

"Jana mchana baba yake Faida wa redio alikuwa bado hajafa."

Aliacha mzaha. Alinipa kigeuzi, akaongeza na kingine chake cha akiba, akakataa nimwahidi lini nitakirudisha. "Kinaenda kwa kilio," alisema. "Chakwenda kwa kilio hakina tarehe."

Kavimvira tuliacha ziwa nyuma. Huwa napenda kugeuka na kuliangalia hapo, na milima ya Burundi ng'ambo, lakini siku hiyo sikugeuka. Barabara inaelekea kaskazini, safu ya milima ikiwa kushoto na tambarare kulia, na miwa ya Kiliba inafuata, kisha mihogo na mpunga. Nilikuwa nimefunga kompyuta kifuani, ndani ya shuka, kama mama abebavyo mtoto mgonjwa. Kila shimo nililihesabia kompyuta, si mgongo wangu.

Kabla ya Sange kulikuwa na kizuizi, kamba iliyofungwa matambara mekundu. Mwanamume mwenye koti la mvua alitaka mfuko ufunguliwe. Alivuta kebo ya buluu, akainyoosha, akaitazama kwa mashaka.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuongea na mashini."

"Mashini inaongea?"

"Ukiiuliza vizuri."

Aliikunja tena, kwa uangalifu kuliko nilivyotarajia. "Basi siku ingine uniletee moja ya kuongea na shefu yangu. Yeye hata umuulize vizuri, hajibu."

Wenzake walicheka. Niliposema naenda kwa ajili ya redio ya Luvungi, mmoja wao aliinua simu yake ndogo yenye redio. "Tuko tunaitafuta toka asubuhi," alisema. "Ile mama wa jioni ni mugonjwa?"

Nikasema hapana, amefiwa. Kamba ilishushwa mara moja.

Baada ya Sange mvua ya usiku ilikuwa imekata kipande cha barabara kwenye kijito kisicho na jina kubwa. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili, wachuuzi wa ndizi wakipita katikati. Pikipiki zilivushwa mabegani na wanaume waliokuwa ndani ya maji hadi mapajani. Nilivua viatu nikavuka mbele yao, kompyuta juu ya kichwa. Ng'ambo nilisimama nikiwatazama wakimvusha mtu mmoja na mbuzi wake kabla ya pikipiki yetu, kisha mwingine na magodoro. Nilitamani kurudi majini na kuibeba mwenyewe. Mimi ni mtu wa utaratibu, lakini utaratibu ni rahisi mtu akiwa amekaa na kikombe cha chai. Pale kwenye tope nilikuwa nafikiria jambo moja tu, jua lilikuwa limefika wapi.

Luvungi tuliingia likiwa limeshaanza kuteremka. Papa Janvier alikuwa amesimama barabarani, kofia mkononi. Nilitaka kwenda moja kwa moja studio. Alinishika mkono.

"Kwanza kilio, Papa. Ukipita hapa bila kuona wafiwa, watu watasema fundi wa Uvira alikuja kwa mashini."

Alikuwa na haki. Nyumba ya marehemu iko hatua chache tu kutoka redio. Walikuwa wametandaza bache, yaani turubai, uani, na chini yake wanawake wamekaa mikekani, wanaume kwenye viti vya kuazima vya rangi nyingi. Nilitoa pole na fungu la ndakala, dagaa wa ziwani, nililobeba kutoka Uvira, nikakaa. Kukaa kwenyewe ndiko kulinichosha kuliko njia. Nikawa naangalia vitu ili nisiangalie jua. Katikati ya bache palikuwa na taa iliyofungwa kwenye mti, na nyaya zake mbili ziliteremka hadi chini, na mwishoni mwa nyaya palikuwa na vibanio viwili, chekundu na cheusi, vimelala kwenye vumbi bila kushika kitu. Niliviona. Sikufikiri zaidi.

Faida alikuja kunisalimia. Alikuwa amefunga kitambaa cha kilio kichwani, na sauti yake, ile ya redio, ilikuwa imekwaruza.

"Papa Wilondja, itaamka?"

"Sijui bado, mama. Sijaiona."

"Nimekwisha kuandika komunike. Iko fupi." Akasita. "Kashindi hajui hata kama baba alikuwa anaumwa. Alimuacha akiwa mzima, anamwagia mahindi maji."

Studio ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi. Ruta ilikuwa kwenye rafu ya pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, maua na pindo, kama tunavyofunika televisheni sebuleni. Nilikitoa. Chini yake ilikuwa ya moto, lakini si ya moto wa kufa. Kisha nikaona kwamba waya wa antena umechomekwa ndani ya tundu la konsoli.

"Nani alihamisha huu?"

"Minye," alisema Papa Janvier akijigusa kifua. "Ilivyokataa, nilijaribu kila tundu. Yote yako sura moja."

Ni kweli, yana sura moja. Niliurudisha waya mahali pake. Hakuna kilichobadilika, na sikutegemea kibadilike, kwa sababu aliuhamisha baada ya redio kunyamaza, si kabla.

Nilichomeka kebo yangu kwenye konsoli, kigeuzi kwenye kompyuta, nikafungua programu ya kuandikia, nikabonyeza. Skrini ilijaa takataka, alama za maswali, vipande vya herufi, miraba. Papa Janvier alishusha pumzi.

"Imekuwa kichaa."

"Hapana. Inaongea, ila kila mmoja wetu ana mwendo wake." Programu yangu ilikuwa imebaki kwenye mwendo wa kifaa kingine nilichokishughulikia Uvira. Nikairudisha kwenye elfu tisa mia sita, ambao ruta nyingi huzaliwa nao, nikabonyeza tena. Takataka zikasimama, na likatokea swali moja lililonyooka. Ruta iliniuliza kama ningependa kuanza kuipanga kwa mara ya kwanza.

Niliondoa mikono kwenye kompyuta.

Ruta ina kumbukumbu mbili. Moja ni ya kazini, fundi akiiambia kitu inakishika na kukifanya hapo hapo. Ya pili ni ya kudumu, na hakiingii humo kitu mpaka fundi aamuru kiandikwe. Asipoamuru, kifaa kitafanya kazi vizuri mwaka, hata zaidi, na hakuna atakayejua, mradi umeme haujakatika. Fundi aliyeiweka, ambaye sikumfahamu na ambaye alikwisha kuhamia mbali, hakuwa ameamuru. Na ruta inayoniuliza swali la mara ya kwanza ni ruta iliyolala ikaamka.

"Papa Janvier, hii ilizimwa."

"Nimekuambia haijazimwa. Mungu ananiona."

Hakuwa mwongo, nilimwona usoni. Ndipo vibanio vile viwili vilinirudia, chekundu na cheusi, kwenye vumbi, vya kushikia batri, na ruta ya studio inaishi kwa batri.

"Batri ililala wapi jana?"

Alikwenda mlangoni, akachungulia nje, akarudi akiongea kwa sauti ya chini.

"Ile si kuzima, Papa. Redio inafunga saa tatu. Kutoka saa tatu batri iko inalala bure mpaka asubuhi. Na kilio bila taa ni aibu. Siku zote tunawaazima jenereta, lakini haikuwa na mafuta. Nikapeleka batri. Alfajiri niliirudisha, nikaifunga vizuri, taa zote zikawaka. Sasa niite hiyo kuzima?"

"Kuna mtu aliiomba?"

"Faida mwenyewe." Alikunja kofia yake mara mbili. "Usimwambie. Nakuomba. Leo usimwambie."

Sikuwa na muda wa kuahidi wala kukataa. Kwa dirisha kivuli cha nyumba ya pili kilikuwa kimefika ukutani mwetu.

Kazi ilikuwa kuifundisha upya. Nusu yake ilikuwa rahisi, kwa sababu kompyuta ya studio, iliyokuwa ikiitumia ruta sauti kila siku, bado ilikumbuka anwani ya ruta upande wa huku. Nikaipa ruta anwani hiyo, nikafungua tundu, studio ikaitika. Anwani ya sanduku la kilimani nayo ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo, kwa kuwa ndiko sauti ilikokuwa ikitumwa. Kilichokosekana ni anwani moja tu, ile ambayo ruta ilikuwa nayo upande wa mlima. Sanduku la kule juu limeelezwa kwamba majibu yote ya studio yapitie kwa jirani fulani. Mimi nilipaswa kukisia namba ya jirani huyo na kuipa ruta.

Mafundi wengi huipa ruta namba ya kwanza ya mtaa, yaani ya kundi la anwani za upande ule. Nikaweka ya kwanza. Kutoka kwenye ruta niliita mlima, ukaitika. Papa Janvier alipiga makofi. Nikahamia kompyuta ya studio, nikaita tena. Kimya. Nikaita tena. Kimya.

"Si ilijibu?"

"Imenijibu mimi niliyesimama mlangoni. Aliye ndani, majibu yake inayapitisha kwa jirani mwingine."

Faida aliingia wakati huo, karatasi mkononi. Alikaa kwenye kiti chake mbele ya maikrofoni, akaweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja, akailainisha tena. Nje watu wawili watatu walikuwa wamesimama na redio zao ndogo, zinakoroma bila neno.

Mafundi wachache huipa ruta namba ya mwisho ya mtaa. Nikafuta ya kwanza, nikaandika mia mbili hamsini na nne. Nikarudi studio, nikaita. Mlima uliitika kwa mstari mmoja, kisha wa pili, kisha mfululizo.

"Iko tayari," alisema Papa Janvier. "Anza, Faida."

"Bado," nilisema.

Niliandika amri ya kuhifadhi, nikangoja ruta ithibitishe. Kisha nikanyoosha mkono nyuma ya rafu nikashika waya wa umeme.

Papa Janvier alinishika kiwiko. "Weye unafanya nini?"

"Naizima."

"Saa ya komunike imefika, na weye unaizima?"

"Nisipoizima mimi, itazimwa na mwingine siku nisipokuwapo."

Hata mimi sikuwa na uhakika nafanya vema. Ningeweza kuacha tangazo litoke kwanza. Lakini kama ingesinzia katikati ya jina, watu wa mlimani wangegeuza mshale na kutafuta stesheni nyingine, na wasingerudi. Faida aliniangalia, si mkono wangu bali uso.

"Zima, Papa," alisema.

Nilivuta. Taa zilikufa. Nikachomeka. Kwenye skrini mistari ilianza kuteremka, ruta ikijihesabu viungo vyake, kimoja baada ya kingine. Ni dakika chache tu siku yoyote nyingine. Papa Janvier alikuwa anasali kwa Kifuliiru bila kutoa sauti, midomo tu. Kisha mistari ilisimama, na badala ya lile swali likatokea jina nililoipa muda mfupi uliopita. *Luvungi*. Niliita mlima kutoka studio. Ukaitika. Nje redio zile ndogo ziliacha kukoroma zote kwa pamoja, na kimya chake kilikuwa safi, kimya cha stesheni iliyo hewani.

Faida alisoma. Alisalimia wasikilizaji kama kawaida yake, akataja familia, ukoo, mahali pa mazishi na saa. Alipofika kwenye jina la baba yake alisita, si kwa muda mrefu, kisha akalisema. Akamwomba Kashindi, popote alipo, ateremke. Akarudia yote mara tatu kama inavyotakiwa. Mara zote tatu alisita pale pale.

Alipomaliza, alibaki akiiangalia maikrofoni. Nilielewa wakati huo tofauti ya kazi yetu. Mimi ninapoandika kwenye konsoli, kitu kinanijibu, hata kama ni takataka. Yeye alikuwa ametupa maneno kwenye milima, na milima haina tundu la kurudishia jibu.

Asubuhi ya mazishi sikuwa na kazi tena Luvungi. Dieumerci alikuwa ameshapata abiria wa Uvira. Nilimwambia aende nao, arudi kesho. Aliniangalia, akatikisa kichwa, akawaambia abiria watafute mwingine. Tulikaa kwenye viti vya kuazima tukiutazama mwanya wa barabara inayotoka Lemera. Kila mtu alikuwa anautazama na kujifanya hautazami. Walitokea wanawake wenye mizigo ya mkaa. Walitokea watu wa shule. Adhuhuri ilifika. Jeneza lilibebwa hadi kaburini, taratibu kuliko njia ilivyodai.

Mchungaji alisoma, akaimba, akasoma tena. Mwishowe alifunga kitabu. "Ndugu zangu, jua haliko linatungojea," alisema. Mjomba mmoja aliinama achukue udongo. Faida alimshika mkono.

"Tuimbe ingine," alisema.

Waliimba nyingine. Walikuwa kwenye beti za mwisho mtu mmoja alipotokea kati ya mihogo, si kwa barabara, suruali imekunjwa, matope hadi magotini, fimbo mkononi. Hakukimbia tena alipoona watu. Alitembea. Watu walimfungulia njia, na aliinama akachukua udongo kwa mikono miwili.

Baadaye, chini ya bache, nilimsikia Kashindi akisimulia. Alisema aliifungua redio ya jirani kwa sababu yake ilikuwa imekufa. Alisikia jina la baba, akadhani ni mtu mwingine, kwani jina hilo wanalo wengi.

"Lakini Faida akasita," alisema. "Minye namjua mudogo wangu toka yuko mutoto. Hasiti kwa majina ya wengine. Nikasimama. Sikungoja hata arudie."

Faida alinisindikiza hadi mlango wa studio nilipokwenda kuchukua vitu vyangu. Papa Janvier alikuwa ndani, na alipomwona alitoka kwa mlango wa nyuma.

"Toka jana haniangalii machoni," Faida alisema. "Ni batri, ee?"

Nilikuwa nakunja kebo. Niliendelea kuikunja.

"Ruta ilisahau, mama."

"Ni batri. Na ni minye niliomba."

"Uliomba taa."

"Ee," alisema. "Taa."

Asubuhi iliyofuata tuliondoka. Kijito kilikuwa kimepungua na tulivuka juu ya pikipiki wenyewe. Sange tulisimama kunywa chai kwenye kibanda chenye redio iliyofungwa kwa mpira juu ya rafu ya mikate. Sauti ya Faida, safari hii asubuhi, ilikuwa bado imekwaruza. Alikuwa anasoma shukrani za familia kwa waliokuja, waliochimba, waliopika, waliowaazima viti, sufuria na bache.

"Na wale waliotuazima batri," alisema, "ili baba asilale gizani."

Dieumerci aliinua macho kutoka kwenye kikombe. "Batri gani tena?"

"Ya redio. Jenereta wanayoazima watu haikuwa na mafuta."

Alimaliza chai. Alipowasha pikipiki alisema, bila kugeuka, "Kesho nitawapelekea jenereta yao mafuta. Niko na abiria wa huko."

Kasenga nilimrudishia Mama Odette kigeuzi chake cha akiba. Kutoka hapo ningeweza kwenda nyumbani. Badala yake nilimwambia Dieumerci anipeleke kwenye shule moja ya jirani ambako niliweka ruta zamani, ambayo haijawahi kuniita kwa tatizo lolote. Mkurugenzi alinikaribisha, akashangaa nilipomwambia nataka kuizima.

"Kwani imeharibika?"

"Hapana. Nataka niione ikiamka."